Sentensi Nane za Breki

Safari ya kwenda Bujumbura ilinichukua siku tano, ingawa nilikuwa nimeipangia mbili. Treni ilichelewa kutoka Dodoma, ikakaa Tabora nusu siku bila mtu kutuambia kwa nini, ikaingia Kigoma abiria tukiwa tumeshajuana mpaka majina ya watoto. Kutoka Kigoma nilipanda basi la Manyovu, nikavuka mpaka kwa miguu na begi langu begani, na upande wa pili nikapata gari dogo lililobeba watu saba na gunia la dagaa. Tukateremka hadi ziwani, tukawa nalo mkono wa kushoto kwa saa nyingi. Michikichi ya Rumonge ilipita dirishani polepole, nikasinzia, nikaamka, ziwa bado liko palepale. Mpaka leo nikifumba macho ndani ya basi lolote, ziwa lile huja mkono wa kushoto.

Sikuwa ninakwenda kwa mtu. Nilikuwa nimesikia tu kwamba huko wanatafuta watu wa kuwafundisha Kiingereza, na nilikuwa nimefika umri wa miaka arobaini na kitu bila kukaa mahali popote zaidi ya miaka miwili. Nimewahi kuwa karani wa ghala, mpaka rangi, mlinzi wa shule na muuza vitabu vilivyotumika. Elimu yangu iliishia kidato cha nne. Ndani ya begi, pamoja na nguo, mlikuwa na daftari langu la Kiingereza la kidato cha tatu, nililokuwa nimelihamisha kutoka mji hadi mji kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengine hubeba picha za nyumbani. Mimi nilibeba harufu ya chaki na mwandiko wangu wa ujana, wenye mikia mirefu kwenye kila herufi.

Tulipokaribia mji, breki za gari lile zilianza kulia. Dereva hakutaka kumshusha mtu yeyote kabla ya kuziona, akatupeleka moja kwa moja Buyenzi, mtaa wa mafundi, kwenye ua wenye magari yaliyoinuliwa juu ya mawe. Abiria wenzangu walishuka wakaenda zao. Mimi sikuwa na pa kwenda, nikabaki nimekaa juu ya tairi.

Ndipo nilipomwona fundi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, kofia nyeupe kichwani, ndevu zilizoanza mvi kwenye kidevu tu. Alifungua magurudumu, na kila alichokitoa alikilaza juu ya gunia, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio kama mtu anayeandika. Hakuweka nati moja mahali pa nyingine. Alipomaliza kurudisha vyote, alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaingia kwenye gari, akaketi mbele pembeni ya dereva. Nikauliza anakwenda wapi. Mwanamke aliyekuwa akimimina chai kwenye kivuli cha ukuta, niliyekuja kujua baadaye kuwa ni mke wake, alinijibu bila kunitazama kwamba anakwenda Gihosha kujaribu kama atakufa.

Begi langu lilikuwa bado nyuma ya gari, kwa hiyo nikapanda na mimi.

Hivyo ndivyo nilivyouona mji kwa mara ya kwanza: tulipanda mpaka juu Gihosha, tukageuza, na dereva akaliachia gari kwenye mteremko. Mabati yalikuwa yakimeta chini yetu, kisha ziwa, kisha milima ya Kongo ikiwa ya buluu hafifu kiasi kwamba ungeweza kudhani ni mawingu yaliyochoka kutembea. Fundi alikuwa amefumba macho. Nilidhani anaogopa. Baadaye aliniambia alikuwa anasikiliza kwa nyayo. Huo ndio utaratibu wa mafundi wa Buyenzi: mkono uliogusa breki hupanda gari kwenye mteremko wa kwanza. Fundi hatumi mtu. Akisema gari ni zima, analisema akiwa ndani yake.

Tulipofika chini, aliniuliza natoka wapi na najua nini. Nikasema najua Kiingereza kidogo. Akafungua macho vizuri, akanitazama kana kwamba nimetaja spea aliyoitafuta mwaka mzima.

Shida yake ilikuwa hii. Kulikuwa na ofisi moja ya mambo ya kilimo iliyokuwa na magari manne ya kwenda milimani, na aliyeyasimamia magari hayo, mama mmoja mkazi wa Gihosha, aliipenda kazi ya fundi kuliko ya gereji yoyote. Lakini wakubwa wa ofisi walikuwa wameleta sharti jipya: kila gari likitoka kwa fundi, lirudi na ripoti ya Kiingereza, iliyoandikwa na kusainiwa na yule yule aliyeifanya kazi. Yule mama alikuwa amempa miezi miwili. Ikishindikana, magari yangepelekwa kwenye gereji ya Rohero yenye sakafu ya vigae. Na magari yale ndiyo yaliyokuwa yanaishikilia kona yake ya breki. Bila hayo, mwenye ua angeigeuza kona hiyo kuwa ya kupakia rangi.

“Mi nikikosa hii, mwalimu,” aliniambia, “nitabaki mutu wa kushikia wengine taa.”

Tayari alikuwa ameshaniita mwalimu. Nikapewa chumba nyuma ya ua, chenye dirisha linalotazama ukuta na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Mchana nilifundisha wenye maduka wawili watatu salamu na hesabu za Kiingereza, na kila alasiri, baada ya sala, nilikuwa wa fundi. Muda ulikuwa mwingi. Zilikuwa siku za mafuta ya shida, magari yamepanga foleni kwenye vituo tangu jana yake, na gari lililolala foleni haliharibiki breki. Ua ulikuwa kimya. Mahali fulani mtu aligonga bati, akanyamaza, akagonga tena.

Nilifungua daftari langu la kidato cha tatu, na somo lililokuwa likimfaa lilikuwa pale pale, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu: namna ya kuigeuza sentensi ili kile kinachotendwa kitangulie mbele na mtendaji arudi nyuma. Ripoti zote za ufundi huandikwa hivyo. Hakuna anayeandika kwamba fulani alisafisha dramu, yaani ile sufuria ya chuma ndani ya gurudumu. Anaandika kwamba dramu ilisafishwa.

Kwa Kiswahili hakuhitaji kufundishwa. “Safisha, safishwa,” alisema. “Funga, fungwa. Kitu kidogo tu kinaingia mu tumbo ya neno.” Nikamwambia Kiingereza hakina tumbo la namna hiyo, wao huweka neno jingine litangulie, kama mtu anayemshika mwenziwe mkono. Nikachukua gunia lake na vyuma vyake. Nikaweka dramu mwanzoni. Hii ndiyo inayotangulia, nikasema, kwa sababu ndiyo iliyofanyiwa kazi. Kisha nikaweka nati: hili ndilo lile neno dogo linalosema ni lini, kitu kikiwa kimoja ni “was”, vikiwa vingi ni “were”. Kisha nikaweka spana: hiki ndicho kitendo, lakini katika umbo lake la tatu, lile la kazi iliyokwisha. “The drum was cleaned.” Akaitazama ile safu ya vyuma kwa muda mrefu.

“Na mi niko wapi?”

Nikamwambia anaweza kuwekwa mwisho kabisa, baada ya neno “by”, lakini kwenye ripoti kwa kawaida huachwa, kwa kuwa wanaosoma wanataka kujua gari limefanyiwa nini.

“Kumbe Kiingereza iko kama patro wetu mwenye ua,” akasema. “Kazi inaonekana, fundi haonekani.”

“Wewe utaonekana chini,” nikasema. “Kwenye sahihi.”

Hilo lilimridhisha. Alikuwa na heshima kubwa kwa sahihi, ingawa yake ilikuwa na herufi tatu tu. Shule aliiacha darasa la pili. Herufi alizijua kutoka kwenye makasha ya spea na namba za magari. Lakini utotoni alikuwa amesoma chuo, kwa shehe mkali aliyefundisha mtaani humo humo, na alikuwa na nusu ya msahafu kifuani. Sikulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Nilifurahia tu jinsi alivyokuwa mwepesi wa kushika.

Nilimwandalia sentensi nane, zikiifuata kazi ya breki tangu mwanzo: magurudumu yalitolewa, dramu zilisafishwa, padi zilikaguliwa, springi zilibadilishwa, mabomba yalikaguliwa, mafuta ya breki yalibadilishwa, magurudumu yalirudishwa, gari lilijaribiwa. Alizishika kwa wiki moja. Alikuwa akizisoma huku akitikisa mwili taratibu mbele na nyuma, kidole gumba kikipita juu ya viungo vya vidole vingine kuhesabu, na sauti yake ikichukua wimbo ambao hakuna Mwingereza aliyewahi kuusikia. Baada ya wiki ya pili aliweza kuziandika bila kutazama. Ilipofika wiki ya nne, mke wake naye alizijua, na alikuwa akimsahihisha huku akikuna nazi. Ninakumbuka alasiri zile kama kitu kilichotokea ndani ya maji. Sauti ya fundi, jua ukutani, moshi wa mkaa, na mimi nikiwa na hisia ngeni kabisa kwangu, kwamba huenda hapa ningeweza kukaa.

Mwisho wa mwezi wa pili yule mama wa ofisini alileta gari la majaribio. Nilikuwa nimemwazia mtu wa makeke, kumbe alikuwa mpole, viatu vya chini, miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimwita fundi “fundi wangu”, na fundi akamwita “madamu”. Gari lilihitaji springi mbili na kusafishwa. Fundi alifanya kazi, wakaenda naye Gihosha wakarudi, kisha akakaa kwenye benchi, akachukua kalamu na karatasi. Alitoka jasho kuliko alipokuwa chini ya gari. Aliandika mistari minane, akatia herufi zake tatu, akampa.

Yule mama alisoma, akatabasamu, akanipa nami nisome. Hapakuwa na kosa. Kila nukta ilikuwa mahali pake.

Nilipofika mstari wa sita nikarudi kuusoma tena. Karatasi ilisema mafuta ya breki yamebadilishwa. Nami nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi. Hakuna mafuta yaliyobadilishwa. Fundi alikuwa ameyatazama, akasema yatavumilia kidogo, atayabadilisha gari likija tena.

Nilipaswa kusema pale pale. Lakini yule mama alikuwa ameshafungua kalamu kutia sahihi yake, na fundi alikuwa amesimama na mikono nyuma kama mtoto wa chuo aliyemaliza kusoma mbele ya shehe, na mke wake alikuwa ameacha kukuna nazi. Nikamrudishia karatasi. Nikasema ni nzuri sana. Gari likaondoka.

Nilijiambia ni kosa dogo, litarekebishwa gari likirudi. Nilijua si dogo. Kwenye kadi ya gari wangeandika kwamba mafuta ni mapya, na kwa mwaka mzima hakuna ambaye angeyagusa. Mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka kwenye mteremko mrefu, na yakichemka, mguu unakanyaga hewa. Hayo alinifundisha fundi mwenyewe.

Alasiri ile alinijia chumbani, amevaa kanzu safi. Alikuwa ameipiga ripoti picha kwa simu ya mke wake. Akaketi kitandani kwangu, akanipa simu, akaniomba nimsomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, apate kuisikia kazi yake jinsi wazungu wa ofisini watakavyoisikia. Mke wake alisimama mlangoni na ungo wake.

Nikasoma. Magurudumu yalitolewa. Dramu zilisafishwa. Padi zilikaguliwa, springi zilibadilishwa, mabomba yalikaguliwa. Hapo nikavuta pumzi, nikaendelea: magurudumu yalirudishwa, gari lilijaribiwa.

Nikamrudishia simu. Hakuipokea. Kidole gumba chake kilikuwa kimesimama juu ya kiungo cha kidole.

“Saba,” akasema. “Iko nane, mwalimu. Umeruka moja.”

Nikaiweka simu kitandani.

“Mi nimezisoma miezi miwili. Umeruka ya sita. Inasema nini?”

Nikamwambia. Mke wake akauweka ungo chini. Kisha fundi akauliza polepole kama niliiona mbele ya madamu. Nikasema ndiyo, niliiona.

“Na wewe,” nikamuuliza, “kwa nini umeiandika?”

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. “Ulinipa nane. Nitaachaje moja? Mu chuo ukiruka moja, shehe anakurudisha mwanzo.”

Nikaelewa wakati ule nilichokuwa nimekifanya kwa miezi miwili. Alijua maana ya kila sentensi, hilo nililihakikisha. Lakini nilizimimina ndani yake kama kitu kimoja kisichokatika, na kwake kitu cha namna hiyo husomwa chote au hakisomwi. Ilikuwa adabu. Haikumpitia akilini kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuchagua.

Alisimama, akavua kanzu, akavaa ovaroli lake la kazi. Akachukua chupa mpya ya mafuta ya breki, mpira mwembamba wa kutolea yale ya zamani, na spana mbili. Mke wake akamwambia asubiri kesho, madamu anaweza kudhani kwamba hajui anachokiandika, na magari yataondoka kweli. Alisema kweli, na wote watatu tulijua. Fundi akamjibu kwamba gari lile linapanda milima ya Bugarama kesho kutwa.

Mabasi hayakuwepo kwa sababu ya ile shida ya mafuta ya magari. Tulitembea. Mimi nilibeba chupa. Ni mwendo mrefu kutoka Buyenzi mpaka Gihosha, tena wa kupanda. Magari ya foleni yalikuwa yamelala kando ya barabara, madereva wamenyoosha miguu nje ya milango, mmoja akimnyoa mwenzake. Nilikuwa natazama visigino vya fundi mbele yangu, vyeusi kwa grisi ya miaka mingi, na nikawa natamani barabara isifike mwisho, kama mtu anayeota na huku akijua ataamka vibaya.

Yule mama alitufungulia geti mwenyewe, amejifunga kitenge. Gari lilikuwa uani.

“Madamu,” fundi akasema, “karatasi inasema kitu mukono yangu haikufanya. Ile mafuta sikubadilisha. Nimekuja kuibadilisha.”

Yule mama alinitazama mimi, si yeye. Nikamweleza kwamba fundi aliandika zote nane kama alivyozishika, na kwamba mimi niliona na sikusema. Alikwenda kumletea fundi ndoo ya maji, akakaa kwenye ngazi, akatazama kazi ikifanywa. Baadaye aliingia garini, akakanyaga pedali kila fundi alipomwambia kanyaga, akaachia alipomwambia achia. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai. Kazi ilipokwisha, fundi akanawa, akaingia mbele pembeni yake, wakashuka mteremko na kurudi. Mimi nilibaki getini na chupa tupu.

Waliporudi, aliongea kwa upole ule ule. Fundi wake hana wa kulinganishwa naye, alisema, na magari hatayapeleka Rohero. Lakini hawezi kupokea ripoti ya mtu asiyechagua cha kuandika. Kwa hiyo fundi atatengeneza na mwalimu ataandika na kusaini, na yeye mwenyewe atawaeleza wakubwa.

“Ni sawa,” fundi akasema. “Basi mwalimu ndiye atapanda.”

Yule mama hakuelewa. Mimi nilielewa. Anayeweka jina lake ndiye anayepanda gari.

Wiki iliyofuata gari la pili lilikuja. Fundi alilala chini yake asubuhi nzima, nami nikakaa kwenye benchi na kalamu. Aliniambia alichokifanya, nikakiandika kwa mwandiko wenye mikia mirefu, nikatia sahihi. Kisha dereva wa ofisi akawasha gari, na fundi, bila hasira yoyote usoni, akanifungulia mlango wa mbele. Nikaketi kwenye kiti chake. Nilipogeuka kutazama nyuma, alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono iliyonawa ikining'inia, hajui aiweke wapi. Kule juu Gihosha dereva aliliachia gari, na mimi nikafumba macho kama alivyokuwa akifanya yeye. Sikusikia kitu. Nyayo zangu hazikujua chochote. Mji, ziwa na milima ya Kongo vilipita nje ya kope zangu, na nilijua kwamba nimechukua kitu cha mtu, na kwamba kama nitakaa nitazoea.

Nilirudi nikakata maboksi ya spea vipande vipande, nikaandika kila sentensi kwenye kipande chake. Niliongeza nyingine, zikafika ishirini. Alasiri ile nikampa fundi kazi ya mchezo: nikaweka dramu moja tu juu ya gunia, safi, nikamwambia aokote vipande vya kazi iliyofanyika. Aliokota dramu zilisafishwa. Kisha mkono ukaenda kwenye magurudumu yalitolewa, kisha padi, kisha springi, na kabla sijasema neno alikuwa amezipanga zote nane za zamani kwa utaratibu wake. Akaniangalia kama mtu anayeomba radhi.

Siku tatu ilikuwa hivyo hivyo. Aliweza kuziacha zile mpya kumi na mbili bila taabu. Zile nane hakuweza kuzitenganisha. Alisema akiacha moja, koo linakwama.

Siku ya nne mke wake alikuwa akituwekea vikombe. Alitazama gunia, akatazama vipande, akaweka birika chini.

“We baba,” akamwambia mumewe, “alfajiri ulisoma nini mu sala?”

Fundi akataja sura mbili fupi.

“Na ile ingine yote kifuani, mbona hukusoma? Umeisahau?”

“Apana. Nimechagua.”

“Aa. Imamu akimaliza msahafu wote mu rakaa mbili, watu watamukimbia, hata mi nitakimbia,” akasema, akachukua birika lake na kuondoka.

Fundi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo. Kisha akainama juu ya gunia, akaokota kipande kimoja tu. Akakiweka mbele yangu. Vile vingine saba vya zamani vikabaki pale vilipokuwa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya subira tu. Nilikuwa nabadilisha vyuma juu ya gunia, na yeye anachagua. Alijifunza kuuliza kwanza mkono, kisha karatasi. Gari la tatu lilipokuja, nilimwomba yule mama amruhusu aandike mara moja zaidi, mimi nikiwa chumbani na mlango umefungwa. Akakubali. Nilikaa nikitazama ukuta. Nikasikia kalamu ikidondoka na kuokotwa. Baadaye sana nikasikia gari likiwashwa, na milango miwili ikifungwa, wa dereva na wa pembeni yake.

Nilipotoka, mke wake alinionyesha picha ya ripoti kwenye simu. Ilikuwa na mistari mitatu. Padi zilibadilishwa. Mabomba yalikaguliwa. Gari lilijaribiwa. Chini yake zilikuwa herufi tatu. Nimesoma vitabu vingi wakati nikiviuza, lakini sikumbuki kitu kilichonikalia moyoni kama mistari ile mitatu na nafasi nyeupe iliyobaki chini yake.

Sijui kama watu wa kukaa mahali wanaielewa hali iliyonipata wiki zilizofuata. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa na chumba, chai, jua la ukutani na jina la mwalimu. Lakini fundi, kila alipoandika, alikuwa akigeuza macho kuelekea mlango wangu kabla ya kusaini, na nikiwa nipo alinipa nisome kwanza. Nisipokuwepo, alisaini. Na barabara ya kaskazini, ile inayopanda milimani, ilikuwa imeshaanza kuniingia ndotoni. Nikawaambia nitaondoka Alhamisi. Mke wake akaniita mkimbizi asiye na vita. Fundi alichukua begi langu tu, akasema kamba yake imechakaa, haitafika popote.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuta begi kwenye benchi. Mshono wa kamba ulikuwa umeondolewa na kamba mpya imefungwa kwa bolti mbili ndogo, zenye nati. Juu yake palikuwa na karatasi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema kwa Kiingereza, kwa herufi za makasha ya spea, kwamba kamba ilitolewa, kwamba kamba ilibadilishwa, kwamba begi lilijaribiwa. Na herufi tatu. Hakuna mtu aliyekuwa amemsaidia. Neno la begi hatukuwahi kulisoma pamoja. Alikuwa amelitafuta mahali.

Daftari langu la kidato cha tatu sikulirudisha ndani. Nililiacha juu ya kitanda, mahali alipokuwa amekaa siku ile. Nikatoka, nikamshika mkono mke wake, nikaliinua begi niliweke begani.

“Ngoja,” fundi akasema. Alikuwa amenawa, sabuni bado iko kwenye kucha. “Ile ya mwisho bado haijafanyika. Niliandika kabla. Lete.”

Akalivaa begi begani kwake. Akatembea nalo kutoka Buyenzi mpaka mabasi yanapoegesha, nami pembeni yake mikono mitupu, kupitia mitaa niliyokuwa nimeizoea. Hakulibadilisha bega. Mara moja moja aliruka kidogo makusudi, kusikiliza bolti. Basi lilikuwa limepata mafuta asubuhi ile na lilikuwa linajaa haraka. Nikampisha kondakta, nikapanda, nikakaa dirishani.

Fundi alilipitisha begi dirishani kwa mikono miwili.

“Imejaribiwa,” akasema.

Kisha akageuka, akaenda zake kwa mwendo ule ule wa kusikiliza, nyayo zikiigusa barabara moja baada ya nyingine, mpaka watu wakamfunika.